Chama, Jarida na Kichupa cha Kalemie

Toleo hili ni la maji ya Ziwa Tanganyika na magonjwa yake. Tunalifungua kwa swali ambalo wengi huliachia maprofesa wa Kinshasa: jarida la sayansi likifunga mapatano na chama cha taifa cha wanamikrobiolojia, Kalemie inapata nini? Sisi tunayaunga mkono mapatano ya namna hiyo kwa moyo wote. Ila tunataka yapimwe huku kwenye labo, si kwa picha za kutia sahihi.

Chama na jarida kushikana si jambo geni kwetu. Mwaka 1920, mji huu ukiitwa bado Albertville, Wabelgiji walianzisha Société Belge de Médecine Tropicale pamoja na Annales zake. Kwa miaka mingi damu na vinyesi vya Wakongo viliwapa waandishi wake kazi, na wasomaji wakawa Ulaya. Mwaka 1996 Annales hizo ziliunganishwa na majarida mengine, likazaliwa Tropical Medicine and International Health, la Kiingereza. Hakuna aliyelazimika kutuuliza, kwa kuwa chama hakikuwa chetu.

Tazama kazi yenyewe inavyoanza. Mgonjwa wa kipindupindu analetwa amekauka, macho yameingia ndani. Muuguzi anamtundikia serumu, kisha anachovya kijiti cha pamba kwenye kinyesi cheupe kama maji ya kuoshea mchele na kukitia kwenye kichupa cha Cary-Blair. Humo kimelea huweza kukaa hai siku kadhaa bila friji. Kikifika labo kinapandwa kwenye sahani ya kijani ya TCBS, na kesho yake, kama ni chenyewe, makoloni ya manjano yameota. Ndipo wanajua kama ni aina ya Ogawa au ya Inaba, na ni antibiotiki ipi ambayo bado inakiua. Jibu hilo la mwisho muuguzi analihitaji wiki hiyohiyo. Likisubiri makala ichapishwe, litamfikia wakati wagonjwa wengine wameshapita mikononi mwake.

Na si kwamba elimu haipo. Mwaka 2008 Didier Bompangue na wenzake walitoa katika Emerging Infectious Diseases, jarida la Marekani, uchunguzi wa wagonjwa wa Katanga na Kasai Mashariki wa 2000 hadi 2005. Walionyesha kwamba milipuko ilianzia kwenye maziwa, na kwamba mbinu zilizotumika kuipiga vita hazikutosha. Mwaka 2015 PLOS Medicine ilichapisha utafiti wa Uvira, jirani zetu wa ziwa hilihili: maji ya bomba yakikatika siku nzima, waliolazwa kwa kushukiwa kuwa na kipindupindu katika siku 12 zilizofuata waliongezeka kwa asilimia 155, ukilinganisha na siku ambazo maji yalitoka vizuri. Mama anayeteka maji ziwani Kalemie wakati bomba limekauka anastahili kuijua hesabu hiyo, na anayeendesha pampu anastahili zaidi.

Hapo ndipo chama cha taifa kina uzito ambao jarida peke yake halina. Chama kina wanachama mikoani. Kinaweza kudai kwamba makala iliyotokana na kichupa cha Kalemie isipite bila kusomwa na mhakiki anayefanya kazi kando ya ziwa, na kwamba aliyepanda sahani awe miongoni mwa waandishi iwapo alifanya kazi ya uandishi. Profesa Muyembe, mtafiti wa Ebola wa hapa Kongo, alishikilia kwamba sampuli za Ebola zichunguzwe Kongo. Kilichowezekana kwa ugonjwa unaoitisha dunia nzima kisishindikane kwa kipindupindu cha kila mwaka.

Wapo watakaosema masharti haya yatawafukuza watafiti wa nje. Hatuoni hivyo. Mtafiti wa kweli hutaka mtu wa kumsahihisha anapokosea jina la kijiji au msimu wa uvuvi, na mtu huyo yuko hapa.

Kwa upande wetu, kila makala inayohusu maji au wagonjwa wa mkoa wa Tanganyika itabeba muhtasari wa Kiswahili, nusu ukurasa, wa kubandikwa ukutani kwenye kituo cha afya. Waandishi wa toleo lijalo wauandike wenyewe, na wautume pamoja na makala.