Alama ya X Ndogo Kuliko Punje ya Mchele

Wanaounda gemu za simu wana jina wanalolipenda sana: gemu nyepesi. Yaani ile unayofungua ukingoja chai, unapanga peremende mbili tatu, unafunga, unaendelea na shughuli zako. Mimi nasema nyingi ya hizo si nyepesi hata kidogo. Kuzifungua ni rahisi, kuzifunga ndiyo kazi. Na hiyo kazi haikujitokeza yenyewe. Kuna mtu aliketi akaichora, akalipwa. Najua kwa sababu kuchora vitufe na skrini ndiyo riziki yangu, hapa hapa Bomeni, Taveta, kwenye meza iliyo nyuma ya duka la M-Pesa.

Tuanze na X ya kufunga tangazo. Apple wanashauri kila kitu cha kubonyezwa kisipungue pointi 44 kwa upana na urefu. Google kwa upande wa Android wanasema 48, kama milimita tisa hivi, kwa sababu kidole cha mtu ni kidole, si sindano. Mambo haya yako wazi, kila mbunifu ameyasoma. Lakini tangazo likikatiza gemu, X inatokea ndogo kuliko punje ya mchele, kijivu juu ya kijivu, kwenye kona ya juu ambako kidole gumba hakifiki. Ukiikosa umeshafunguliwa duka la programu na bando inaliwa. Na mara nyingi hilo tangazo ni la kubahatisha. Kijana aliingia kupanga peremende, kidole chake mwenyewe kikampeleka hadi mlangoni pa kamari.

Kampuni moja iliyonipa kibarua ilitaka niipunguze X yao zaidi, kisha niicheleweshe sekunde tano. Nikakataa. Jibu lao lilikuwa fupi: eti mtumiaji atazoea. Nusu ya pesa yangu sijaiona hadi leo.

Mtumiaji ni nani lakini? Ofisini wanamchora kwenye karatasi, kijana anayetabasamu na kikombe cha kahawa. Hapa kwetu siku ya soko ni mwanaboda aliyeegemea pikipiki, anangoja mama atoke na mikungu ya ndizi. Simu yake ni Itel au Tecno, kioo kimepasuka kona moja, na jua la Taveta limemeza rangi zote mlizozipanga kwa wiki tatu. Anacheza kwa mkono mmoja. Amenunua bando ya shilingi 20. Holili iko karibu, kwa hivyo mara simu inashika mtandao wa Tanzania, data inakatika katikati. Abiria akitokea, lazima atoke kwenye gemu sekunde hiyo hiyo. Hawezi kumwambia mama wa watu, ngoja kwanza nimalize leveli.

Huyo ndiye mnayempa gemu inayodai intaneti ili apange maumbo matatu yanayofanana, na akitoka kabla ya kumaliza anahesabiwa ameshindwa. Akikosa kucheza siku moja, zawadi zake za kila siku zinaanza upya. Bana, huyo mtu alikuwa kazini!

Haya yote yana shule yake. Candy Crush Saga ilipotoka 2012 ilikuwa na mioyo mitano, na kila moyo uliopotea unarudi baada ya dakika 30. Piga hesabu: ukiishiwa kabisa, kujaa tena ni saa mbili na nusu. Ulipe, uombe marafiki, au urudi baadaye. Hiyo si kanuni ya mchezo, ni ratiba ya kukurudisha. Na ilifanya kazi, siwezi kubisha: mwaka 2016 Activision Blizzard waliinunua King, yenye gemu hiyo, kwa takriban dola bilioni 5.9. Upande wa pili yuko Dong Nguyen wa Vietnam. Flappy Bird yake ilikuwa ikiripotiwa kuingiza dola 50,000 kwa siku kutokana na matangazo, na Februari 2014 akaiondoa mwenyewe kwa kuwa imekuwa uraibu kwa watu. Simtaki kila mbunifu afanye hivyo (nami nalipa kodi ya nyumba). Nataka tu tuache kusema haiwezekani.

Watanicheka kwamba nataka gemu za kizee. Sawa, twende stejini tukaangalie drafti. Ubao ni boksi lililochorwa kwa kalamu, kete ni vifuniko vya soda. Timu moja imelala chali, nyingine kifudifudi. Basi. Huhitaji rangi, huhitaji mwanga mkali, hata asiyetofautisha nyekundu na kijani hakosei. Anayepata abiria anamwachia mwenzake nafasi na mchezo unaendelea pale pale. Au bao: mashimo 32, kete 64, na safu yako ya mbele ikibaki tupu, umefungwa. Hakuna anayekuja kukuuzia kete tano za ziada.

Hata lugha wameitoa hapo hapo, vijiweni, ila sisi hatuitumii. Nimeona gemu inaandika "Umebakiza maisha matatu". Nani ana maisha matatu? Sisi husema ameliwa, amefungwa, bado mara tatu.

Najua swali linalofuata: pesa itatoka wapi? Tangazo lije raundi ikiisha, si kidole kikiwa hewani, na X yake ionekane. Anayetaka kuyaondoa alipe mara moja, shilingi hamsini kwa M-Pesa, asisumbuliwe tena. Gemu ihifadhi hatua ya mwisho kwenye simu yenyewe. Mtaingiza kidogo kuliko wale wenye vijix vya mchele, ndiyo, wiki za kwanza hasa. Kama hilo halikubaliki, basi mseme wazi kwamba biashara yenu ni vidole vinavyokosea, tujue tunabishana kuhusu nini.

Wabunifu wa Nairobi na Mombasa, mnakaribishwa. Njooni siku ya soko, saa nane mchana, jua likiwa utosini. Msilete maelezo ya kwenye slaidi. Mpeni gemu yenu mwanaboda yeyote kwenye simu yake, sio yenu, kisha msimame pembeni kimya na muhesabu sekunde anazotumia kutoka abiria akimwita.