Makaburi ya Wayahudi na Swali la Mwanafunzi wa Otonglo

Mwalimu mmoja wa Historia, afundishaye shule isiyo mbali na soko la Otonglo, alinisimulia kisa ambacho tangu nikisikie hakijanitoka akilini. Alikuwa amewachukua wanafunzi wake wa kidato cha tatu kwa ziara ya Nairobi. Basi lao lilipokwama katika msongamano wa magari kwenye ile barabara iliyojulikana kama Forest hadi mwaka 2016, ilipopewa jina la Profesa Wangari Maathai, kijana mmoja akachungulia dirishani akaona mawe ya makaburi yaliyochongwa nyota ya pembe sita. Akauliza, "Mwalimu, wale ni akina nani?" Mwalimu akajibu kuwa hayo ni makaburi ya Wayahudi. Kijana akanyamaza kidogo, kisha akauliza tena, "Kwao ni wapi, hata wakazikwa kando ya barabara?"

Mwalimu aliniungamia kuwa alikosa jibu, akasema tu, "Walikuwa wageni." Kwa mtoto aliyelelewa katika ardhi ya Wajaluo, swali lile si la utani. Kwetu maiti hurudi nyumbani. Afe Mombasa, afe London, jamaa watachanga mpaka senti ya mwisho ili alazwe ndani ya boma lake. Mava ya umma, tangu zamani, yamefikiriwa kuwa mahali pa asiye na kwao. Taifa zima lilishuhudia uzito wa imani hiyo wakili S. M. Otieno alipofariki Desemba 20, 1986. Mjane wake na ukoo wa Umira Kager walishindana mahakamani, na maiti ikakaa zaidi ya miezi mitano bila kuzikwa, hadi ilipolazwa Nyalgunga, Siaya, Mei 23, 1987. Tukisoma kisa hicho, hatuna budi kukubali kuwa kaburi kwetu ni hati ya kumiliki ardhi kabla ya kuwa alama ya majonzi.

Basi na tumjibu kijana yule. Jibu lenyewe, ajabu, linaanzia papa hapa ziwani.

Reli kutoka Mombasa ilifika ukingo wa Ziwa Viktoria Desemba 1901, mahali walipopaita Port Florence, ndiyo Kisumu ya leo. Wakati huo Kisumu haikuwa Kenya. Ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Mashariki wa Uganda, na mpaka ulihamishwa Aprili 1, 1902, ndipo Nyanza na nyanda za juu za Bonde la Ufa zikatiwa katika Himaya ya Afrika Mashariki. Miezi minane baadaye, Desemba 1902, Joseph Chamberlain, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, akaja kuizuru nchi akisafiri kwa reli hiyo mpya. Mashamba aliyoyaona yalimvutia. Wayahudi wa Urusi walikuwa wakiuawa na kuporwa; mauaji ya Kishinev ya Aprili 1903 yaliishtua dunia. Chamberlain akamwambia Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni, kwamba ardhi ipo.

Ardhi hiyo ilikuwa uwanda wa Uasin Gishu. Kwa kuwa watu wa London walikuwa bado wanaikumbuka ramani ya zamani, mpango ukaitwa "Mpango wa Uganda", na hivyo ndivyo unavyoitwa vitabuni hadi leo, ingawa hakuna hata shamba moja la Uganda lililokuwa likizungumziwa. Walimu wenzangu, hapa ndipo wanafunzi wengi hupotea. Mtu huitafuta nchi ya Wayahudi pale Entebbe, kumbe ilikuwa Eldoret, mji ambao hata haukuwa umezaliwa.

Mkutano Mkuu wa Sita wa Wazayuni uliokutana Basel, Uswisi, Agosti 1903, nusura uvunjike kwa suala hili. Wajumbe kutoka Urusi, wale wale waliokuwa na haja kubwa zaidi ya kimbilio, walitoka ukumbini kwa hasira. Hawakutaka nchi nyingine isipokuwa Palestina. Hata hivyo kura ilipitishwa ya kutuma tume. Watu watatu wakaja: Meja Gibbons, Mwingereza, Kaiser, Mswisi, na mhandisi Wilbusch, Myahudi wa Urusi. Walizunguka Uasin Gishu mwanzoni mwa 1905. Wilbusch aliona nchi isiyofaa kitu. Sijui angesema nini leo akiuona mstari wa malori ya mahindi nje ya maghala ya Eldoret wakati wa mavuno! Herzl alikuwa amekwisha kufa, Julai 1904, na Mkutano wa Saba wa mwaka 1905 ukaufuta mpango wote.

Katika mabishano yote hayo ya London na Basel, wenye ardhi hawakuulizwa neno. Jina lenyewe la Uasin Gishu ni la Wamaasai waliosambaratishwa na vita vya karne ya 19. Baada yao Wanandi walilisha mifugo yao huko. Mwaka ule ule wa tume, Oktoba 19, 1905, Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliitwa katika mazungumzo ya amani akapigwa risasi na Richard Meinertzhagen. Ofisa huyo huyo baadaye alitumikia Palestina akawa mtetezi mkubwa wa Wazayuni. Historia ina njia zake za kufuma nyuzi ambazo mtunzi wa riwaya angeogopa kuzifuma. Kichwa cha Koitalel inasemekana kilichukuliwa kupelekwa Uingereza, na Wanandi wamekidai kwa miaka mingi. Kwa hiyo ukilitamka neno "mgeni" mbele ya makaburi ya Barabara ya Forest, ulitamke ukijua kuwa wapo wenyeji walionyimwa hata kaburi kamili.

Mpango ulikufa lakini watu wachache walikuwa wamekwisha kuusikia na kufunga safari. Abraham Block, mzaliwa wa Lithuania aliyepitia Afrika Kusini, aliingia nchini mwaka 1903. Ndiye aliyekuja kuinunua hoteli ya Norfolk mwaka 1927 na kuanzisha ukoo wa wenye mahoteli. Mwaka 1904 Wayahudi wa Nairobi wakaunda jumuiya yao, na kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia walikuwa na sinagogi. Ile iliyopo sasa katikati ya jiji ilijengwa miaka ya 1950. Lakini kwa Wayahudi sinagogi si jambo la kwanza. Mafundisho yao huruhusu ibada kufanyika sebuleni, mradi wapatikane wanaume kumi. Maiti haiwezi kusubiri ukumbi. Popote walipotua, jambo lililowashughulisha mapema ni kupata kipande cha ardhi cha kuzikia na kuunda chama cha maziko, watu wanaojitolea kuosha maiti na kuivika sanda nyeupe isiyo na mfuko.

Mila zao hapa zafaa tuzitazame, kwa kuwa zinakaribiana na zetu na kutofautiana nazo. Wao huzika haraka, ikiwezekana siku ile ile au inayofuata, jambo ambalo ndugu zetu Waislamu wa Kaloleni, Kisumu, wanalielewa vyema kuliko sisi tunaomweka marehemu wiki tatu tukisubiri michango na mabango. Hawachomi maiti kwa desturi. Hawaweki maua; anayezuru kaburi huokota kijiwe akakiweka juu ya jiwe kuonyesha kuwa alifika. Jiwe huchongwa kwa herufi za Kiebrania, na mara nyingi huwa na tarehe mbili, kiasi kwamba aliyefariki Machi 1938 hupata pia mwaka 5698. Na zaidi ya yote, kaburi ni la milele. Haliondolewi wala halipangishwi upya baada ya miaka kadhaa. Mfu ndiye mwenye kiwanja. Mzee yeyote wa Kisumu akiambiwa hivyo atatikisa kichwa kukubali.

Nimetaja 1938 kwa makusudi. Kuanzia mwaka huo wakimbizi wa Hitler walianza kufika, wachache, kwa kuwa serikali ya kikoloni ilitaka kila mmoja awe na mdhamini au fedha. Mwanasheria wa Ujerumani akajikuta mnyapara wa shamba la mtu huko Rongai au Ol Joro Orok. Stefanie Zweig, aliyeletwa akiwa mtoto, ameyasimulia maisha hayo katika riwaya yake ya mwaka 1995, na filamu iliyotokana nayo ikatuzwa Oscar mwaka 2003. Kinaya kikubwa ni kwamba vita vilipozuka mwaka 1939, wanaume hao waliomkimbia Hitler walikamatwa na Waingereza wakiitwa Wajerumani, maadui. Tena mwaka 1947 likaja kundi jingine lisilotaka kukaa: wafungwa zaidi ya mia mbili wa makundi yaliyopigana na Waingereza Palestina, wakafungiwa Gilgil hadi 1948. Nchi moja ikawa kimbilio na gereza kwa watu wa asili moja katika muda usiozidi miaka kumi.

Baada ya uhuru wengi walihama, wakaenda Uingereza, Israeli, Afrika Kusini. Wafu wao walibaki. Na hapa swali la kijana linageuka kuwa la leo: ni nani anayelinda kaburi ambalo wajukuu wake wako ng'ambo?

Msidhani ni swali la Wayahudi pekee. Hatua chache kutoka eneo hilo ipo bustani ya City Park. Humo amelala Joseph Murumbi, Makamu wa Rais wa pili wa Kenya, aliyefariki Juni 1990 na aliyetaka azikwe karibu na rafiki yake Pio Gama Pinto, aliyeuawa Februari 1965.  Haukupita muda mrefu wanyakuzi wakawa wamejigawia ardhi ya bustani kuzunguka kaburi lake. Liliokolewa na marafiki na wapenda sanaa waliopiga kelele, na bustani ikatangazwa turathi mwaka 2009. Ikiwa aliyekuwa Makamu wa Rais ilibidi aokolewe na marafiki, fundi cherehani kutoka Vilnius ategemee nani?

Sheria ipo. Sheria ya Makavazi na Turathi za Taifa ya mwaka 2006 inampa waziri uwezo wa kutangaza mahali pa umri wowote kuwa turathi, makaburi yakiwamo. Tatizo letu halijawa sheria. Makaburi ya Lang'ata yalitangazwa kuwa yamejaa katika miaka ya 1990 na bado watu wanazikwa humo, kaburi juu ya kaburi. Baraza la Jiji lilipotafuta ardhi mpya, lililipa shilingi milioni 283 kwa ekari 120 za Mavoko zilizobainika kuwa hazifai kuchimbwa makaburi. Kesi ikaishia kwa baadhi ya maofisa kuhukumiwa kifungo mwaka 2018. Wafu hawakupata hata futi moja.

Wapo watakaosema kuwa si wakati wa kuzungumzia makaburi ya Wayahudi, huku habari za Gaza zikitujia kila siku tangu Oktoba 2023. Nimeusikia ubishi huo hata katika vyumba vya walimu. Mtu anaweza kuilaumu serikali ya Israeli kwa ukali wote autakao, na wengi tunailaumu. Aliyezikwa Nairobi mwaka 1912 hakuiona nchi hiyo wala hakuwahi kuipigia kura. Mwalimu anayeshindwa kuyatenganisha mambo hayo mawili atawezaje kumweleza mwanafunzi kuhusu Wanubi wa Kibos, hapa hapa Kisumu, ambao nyumba na msikiti wao vilibomolewa Februari 2021 kwa hoja kuwa ardhi ni ya reli? Wanubi hao waliletwa na serikali ile ile iliyoileta reli, na wamezaana hapa vizazi kadhaa. Nao pia waliambiwa ni wageni.

Nilimweleza mwalimu wa Otonglo kwamba barabara ipitayo mlangoni pa shule yake ingemfaa kuliko safari nyingine ya Nairobi. Akiifuata kupitia Maseno hadi Busia, kisha Tororo na Mbale, atafika kwa Abayudaya, Waganda wakulima wanaoishika Sabato. Jumuiya yao ilianzishwa na Semei Kakungulu, jemadari aliyegombana na Waingereza, akaifuata Torati na kutahiriwa mwaka 1919. Alifariki Novemba 1928 na kuzikwa huko huko karibu na Mbale. Idi Amin aliipiga marufuku dini yao. Wengi waliiacha, wachache wakaishika kwa siri, na leo wana sinagogi juu ya kilima cha Nabugoye. Ukimwuliza Mwabayudaya kwao ni wapi, atakuonyesha migomba.

Mwalimu hakuwa na nauli ya kuwavusha watoto mpaka. Badala yake aliwapa kazi: kila mmoja aende mahali palipokuwa na boma la zamani lililohamwa, lile Wajaluo waliitalo gunda, aandike nani alizikwa hapo, walio hai wako wapi, na nani anayelima hapo sasa. Kijana wa swali lile alirudi na ukurasa mmoja. Alikuwa amekuta makaburi matatu ndani ya shamba la mihogo, mawili yakiwa na majina. La tatu, alipouliza, jirani alimwambia ni la mtu aliyekuja na reli, akaishi na wenyeji, na hakuna aliyejua alikotoka. Anayelima hapo, kijana aliandika, hulizunguka kwa jembe kila msimu.