Bukavu: Vijana wanasoma kwa ajili ya mtihani, kisha kitabu kinafungwa

Mjini Bukavu lawama ni ile ile kila mwaka masomo yanapoanza: vijana hawapendi kusoma. Wazazi wanalaumu simu, walimu wanalaumu wazazi, viongozi wa dini wanalaumu muziki na filamu. Lakini anayepita karibu na ISP, Chuo Kikuu cha Serikali (UOB) au Chuo Kikuu cha Kikatoliki (UCB) wakati wa mitihani anakuta picha nyingine. Vijana wamejaa mbele ya vibanda vya fotokopi, kila mmoja na kurasa zake mkononi. Wanasoma, tena hadi usiku, kwa mshumaa au tochi ya simu pale umeme wa SNEL unapokatika.

Kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: wanasoma nini, na kwa nini wengi wao wanaacha mara tu mtihani unapokwisha?

Hesabu ya mwanafunzi

Jibu la kwanza liko shuleni kwenyewe. Katika shule nyingi za sekondari, mwalimu anaandika somo ubaoni au analisoma kwa sauti, wanafunzi wananakili kwenye daftari. Vitabu vya masomo ni vichache, na mara nyingi kilichopo ni cha mwalimu. Mwishoni mwa mwaka wa sita unakuja Mtihani wa Serikali, Exetat. Unaanza na sehemu ya awali, ambamo mwanafunzi anaandika insha kwa Kifaransa. Baadaye zinafuata siku nne za maswali ya kuchagua jibu moja kati ya majibu yaliyoandikwa tayari, yale ambayo wanafunzi wote wa Kongo wanayaita item.

Mwanafunzi anafanya hesabu yake. Anakusanya item za miaka iliyopita, anazirudia, anajifunza kutambua jibu sahihi. Kumfuata mwandishi mmoja kwa kurasa mia mbili, kukubaliana naye hapa na kumpinga pale, hakumwongezei alama kubwa. Chuo kikuu mambo hayabadiliki sana: kozi nyingi zinasimama juu ya silabusi ya profesa, na anayeijua silabusi anapita hata kama hajaingia maktaba hata siku moja.

Kwa hiyo inawezekana kabisa kijana wa Bukavu apate diploma ya serikali, hata shahada ya chuo kikuu, bila kumaliza kitabu kimoja alichokichagua mwenyewe. Kumwita mvivu si haki. Ametii kile ambacho shule ilimwomba. Shule imemzoeza kwamba maandishi ni mzigo wa kubeba hadi siku ya mtihani, kisha unatuliwa.

Lugha ya nyumbani, lugha ya kitabu

Jibu la pili ni lugha. Katika komini zote tatu za mji, Ibanda, Kadutu na Bagira, watu wanauza, wanagombana na wanachumbiana kwa Kiswahili. Nyumbani wengi wanaongeza Mashi, Kirega, Kihavu au Kifuliiru. Kitabu kinakuja kwa Kifaransa.

Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inasema lugha za taifa au za mazingira zitumike katika kufundisha, na ziwe pia somo. Lakini baada ya miaka ya kwanza ya shule ya msingi, Kiswahili kinabaki uwanjani wakati wa mapumziko, na Kifaransa kinatawala darasani. Kijana anayesimama kila mstari kutafuta maana ya neno hawezi kuonja utamu wa hadithi. Na kwa sababu hajawahi kupewa kitabu cha Kiswahili, anaamini kwamba Kiswahili ni lugha ya soko tu.

Ukweli ni tofauti. Kati ya tawasifu za kwanza kuandikwa kwa Kiswahili iko ile ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyetawala Kasongo, katika Maniema jirani. Anayetaka kujua jinsi mashariki ya Kongo ilivyoingizwa katika biashara ya dunia anaweza kumsoma mwenyewe akijieleza, na kumhukumu. Mwaka 1965, mjini Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, André Yav aliandika historia ya mji ule kwa niaba ya wafanyakazi wa nyumbani, kwa Kiswahili cha Katanga kama kilivyosemwa mjini. Andiko hilo lilichapishwa upya mwaka 1990 na mtafiti Johannes Fabian. Na mwaka 2022 riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari aliyepewa tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021, ilitoka Dar es Salaam kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Inamhusu kijana anayetolewa kwao kwa sababu ya deni la baba yake na kupelekwa safari ya bara. Kiswahili cha pwani kinatofautiana kidogo na cha Bukavu, lakini msomaji anakizoea baada ya kurasa chache.

Vitabu vinavyohusu Bukavu yenyewe vipo pia. Daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi ametoa Plaidoyer pour la vie mwaka 2016 na La force des femmes mwaka 2021. Lakini vilichapishwa Paris, na bei ya kitabu kipya cha Paris, ikibadilishwa kuwa franga, inaweza kulisha familia ya Kadutu kwa siku kadhaa.

Uvumi hausubiri

Kuna wanaosema huu si wakati wa kuzungumza juu ya vitabu. Tangu kundi la AFC/M23 liingie Bukavu mwezi Februari 2025, benki zilifungwa, safari za ndege za abiria kwenye uwanja wa Kavumu zilisimama, na familia nyingi zilipoteza kipato. Mtu mwenye njaa anaambiwa asome nini?

Pingamizi hilo ni zito. Hata hivyo, matukio ya mwaka ule yanaonyesha upande mwingine. Tarehe 27 Februari 2025, milipuko iliua watu kwenye mkutano wa hadhara katika uwanja wa Uhuru, katikati ya mji. Siku hiyo hiyo kila upande ulimshutumu mwenzake, na simu za wakaaji zilijaa picha, sauti na maelezo yasiyo na chanzo. Katika mji kama huu, ujumbe wa WhatsApp unaweza kumfanya mtu ahame usiku, amshuku jirani kwa sababu ya kabila lake, au ajiunge na wenye silaha. Na vijana ndio wanaotafutwa na makundi yenye silaha.

Kusoma hakuzuii risasi. Lakini aliyezoea kufuata maandishi marefu anazoea pia kuuliza: nani anasema haya, na ameyajuaje? Mazoea hayo hayapatikani kwa item, kwa sababu katika item jibu sahihi liko tayari kwenye karatasi, mtu mwingine ameliweka. Kwenye uvumi, pengine hakuna jibu sahihi hata moja kati ya yale yanayosambazwa.

Akipewa neno, anasoma

Namna ya kuwavuta vijana inajulikana, na haianzi kwa mahubiri. Nchini Ufaransa, tangu 1988, kuna tuzo inayoitwa Goncourt des lycéens. Wanafunzi wa sekondari wanasoma riwaya za mwaka, wanajadiliana, kisha wao wenyewe wanapiga kura. Mwaka 2016 walimchagua Gaël Faye kwa riwaya yake Petit Pays, inayosimulia utoto wa Bujumbura kabla na wakati wa vita, na ambayo sehemu yake inafika hadi Bukavu. Vijana wale walimaliza vitabu kwa sababu maoni yao yalikuwa na uzito, si kwa sababu walitishwa kwa alama.

Nairobi nako, shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka 2017 na wanawake wawili, Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, lilichukua kazi ya kufufua maktaba ya McMillan ya mwaka 1931 na matawi yake ya Kaloleni na Makadara, mitaa ya watu wa kawaida. Maktaba ilifanywa pia kuwa mahali pa mikutano, muziki na mijadala. Kijana anaingia kwa ajili ya rafiki, anatoka na kitabu.

Bukavu haina haja ya kungoja jengo. Mji huu una desturi zake za kukaa pamoja. Radio Maendeleo, iliyoanza mwaka 1993, ilijengwa juu ya vikundi vya wasikilizaji: watu wa mtaa mmoja wanasikiliza, wanajadili, wanapeleka maoni yao redioni. Kundi la wasomaji linaweza kufuata njia hiyo hiyo, na mjadala wake ukasikika hewani kwa Kiswahili hata kama kitabu ni cha Kifaransa.

Kuhusu bei, akina mama wa mji walishapata dawa zamani: likelemba. Vijana kumi wakitoa kila mwezi kiasi kidogo cha franga, wananunua kitabu kimoja, kinazunguka mkono kwa mkono, na anayekipokea wa mwisho anakitunza. Baada ya mwaka wana maktaba ya vitabu kumi na viwili ambavyo wamevichagua wenyewe. Hapo simu nayo inakuwa msaada, kwa kuwa maandishi ya bure ya kisheria, kama makala za Wikipedia ya Kiswahili, yanapakuliwa mara moja na kupitishwa kati ya simu na simu bila kumaliza mega za kila mtu. Lakini kusambaza PDF ya kitabu kilichoibwa kunamnyima mwandishi mkate wake, na mji unaolalamika kwamba hauna waandishi hauwezi kuanza kwa kuwaibia waliopo.

Jambo moja lisisahauliwe: wasichana. Baada ya masomo wengi wao wanachota maji, wanapika, wanalea wadogo zao. Kundi linalokutana saa moja ya usiku, mbali na nyumbani, litakuwa la wavulana peke yao, zaidi sana katika mji ambamo giza linatisha. Saa na mahali vikichaguliwa vibaya, nusu ya vijana wanafungiwa mlango bila mtu kutamka neno.

Saa moja isiyo na alama

Mtihani wa Serikali hautabadilishwa kutoka Bukavu, na vita havitamalizwa na vikundi vya kusoma. Kile kilicho mikononi mwa wakuu wa shule ni ratiba. Saa moja kwa juma, katika mwaka wa tano na wa sita, inaweza kutengwa kwa kitabu ambacho mwanafunzi amekichagua, kwa Kifaransa au kwa Kiswahili, bila maswali, bila alama, na mwalimu naye ameketi akisoma cha kwake. Mwishoni mwa muhula, wanafunzi wanapiga kura: kitabu gani kinastahili kusomwa na wadogo zao?

Hatua hiyo haihitaji mfadhili wala ruhusa ya Kinshasa. Inahitaji shule ikubali kwamba si kila ukurasa ni wa mtihani. Wazazi nao wana kazi nyepesi kuliko lawama: wakimkuta kijana ameshika kitabu ambacho hakimo kwenye masomo yake, wasimwambie kwamba anapoteza wakati.