Kabla ya kuhamia kando ya mto

Ndugu wanachama, wengi wetu tunataka tuhamie Kabalo, kando ya Lualaba. Tunaelewa: reli ya Kalemie inakutana pale na ile ya Kamina na Kindu, na mto unapitika kwa mashua tangu Bukama mpaka Kongolo. Muhogo na mahindi yetu itapata njia.

Lakini sisi tunasema: tusichague kwa macho ya kiangazi. Tutume kwanza watu watatu mwezi wa nne, waone maji inafika wapi. Waulize wazee wavuvi, hapana wachuuzi tu. Wafike kwa chefu wa udongo, makubaliano iandikwe mbele ya mashahidi. Treni ikichelewa, mavuno italala wapi pakavu? Tukishahama na mbegu yote, kurudi ni njaa.