Haydom: Mzee akilazwa, gharama haziishii kwenye dawa

Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inataka wenye miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bure. Sawa. Lakini bibi wa miaka 85 akilazwa Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanza 1955, nani anamlisha, anamgeuza, anamfulia? Ni ndugu aliyeacha shamba na mifugo. Nauli na chakula chake hakuna anayevisamehe.

Kitanda nacho kina madhara. Mzee akilala siku kadhaa bila kuinuliwa, misuli inaisha nguvu, vidonda vya mgongo vinaanza. Nimonia inapona, ila anarudi nyumbani hatembei.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inahusu matibabu. Anayemuuguza mzee, wodini na nyumbani, bado ni familia, tena kwa mfuko wake.