Wanafunzi wa uinjinia wapelekwe Ruzizi kabla ya mwaka wa mwisho

Mvua kubwa inaponyesha Bukavu, chupa na mifuko ya plastiki hushuka kutoka mitaa ya milimani hadi Ziwa Kivu, kisha maji huzisukuma mpaka bwawa la Ruzizi 1, lililojengwa tangu 1958. Takataka zikiziba njia ya maji, mitambo husimama na raia wa Bukavu na Goma wanabaki gizani.

Katika miji hiyo miwili kuna vijana wanaosoma uinjinia. Wale niliozungumza nao waliliona bwawa hilo mara moja tu, wakipiga picha siku ya matembezi ya darasa. Utafiti, waliniambia, ni wa profesa na asistenti wake. Wao wananunua silabusi, wanaikariri, wanapasi. Mwaka wa mwisho ukifika, wanaambiwa kwa ghafla waandike kazi ya utafiti, na wengine wanakopi ya mkubwa wao aliyetangulia.

Mimi si injinia. Nilisoma uandishi wa habari, na kazi sikuijulia darasani. Niliijua nilipopewa kinasa sauti nikaambiwa niende sokoni nirudi na habari.

Najua jibu la walimu: hakuna maabara, hakuna pesa, na profesa mwenyewe anatoka mbali kufundisha kozi nzima kwa wiki mbili. Ni kweli. Lakini kupima uzito wa takataka zinazokusanyika bwawani kila juma, kuandika ni siku ngapi zinapita kati ya mvua na mtambo kusimama, kujua zimetoka kwenye mfereji upi, hayo yanataka mizani, daftari na mtu wa kwenda kila juma. Profesa hana nafasi hiyo. Wanafunzi wa mwaka wa pili wanayo, na hesabu zao za mwaka mzima zingemsaidia anayetaka kuchora wavu au kizuizi kinachofaa, badala ya kukisia.

Ila isiwe kubebesha watoto wa watu mikoba. Mwanafunzi aliyepima kwenye mvua afundishwe namna ya kusoma hesabu zake, alipiwe usafiri, na jina lake liandikwe kwenye makala ya profesa. Vyuo vikuu vyetu vinaweza kuanza na hilo la jina, kwani haligharimu hata faranga moja.