"Weka tu paswedi, ikikataa rudia"

Wadau, leo siasa naiweka kando. Nataka kusema juu ya kale kadirisha ka Outlook kanakoibuka kila baada ya dakika chache kuomba neno la siri, wiki ambayo ofisi inahamisha barua pepe kutoka kwenye seva yake na kuzipeleka kwenye wingu la Microsoft. Jibu tunalopewa chumba cha habari ni lile lile: "Weka tu paswedi, ikikataa rudia." Mimi nasema jibu hilo ni baya, na kwa mwandishi wa habari ni la hatari.

Tuanze na hako kadirisha kanatoka wapi. Exchange 2007 ilileta kitu kinachoitwa Autodiscover. Zamani mtu wa IT alipita meza kwa meza akiandika jina la seva. Sasa wewe unaandika anwani yako na neno la siri, Outlook inakwenda yenyewe kuulizia sanduku lako liko wapi. Tangu Outlook 2016 hiyo ndiyo njia pekee, akaunti ya Exchange huwezi tena kuiingiza kwa mkono. Kwa hiyo Autodiscover ikipotea njia, nawe umepotea.

Na wakati wa kuhama inapotea kirahisi mno. Kompyuta iliyosajiliwa kwenye domeni ya ofisi huuliza kwanza Active Directory, ambako kuna kumbukumbu iitwayo SCP. Kama hakuna aliyeigusa, inakurudisha kwenye seva ya zamani. Ikikosa hapo, inabisha hodi kwenye domeni yenyewe ya kampuni, yaani pale tovuti ilipo. Hapa ndipo penye kituko. Kampuni nyingi tovuti yao imepangishwa kwingine kabisa, kwenye seva yenye cPanel, na cPanel nayo hujibu maswali ya Autodiscover! Outlook inafika mlango usio wake, inaambiwa "karibu, lete neno la siri", unaliandika, linakataliwa, unaliandika tena. Mlango sahihi, ile rekodi ya DNS ya autodiscover inayotakiwa kuelekeza autodiscover.outlook.com, upo nyuma kwenye foleni. Matoleo mapya ya Outlook hujaribu kwenda Microsoft moja kwa moja, lakini si kila mara.

Sasa fikiria umewafundisha watu mia moja kwamba dirisha lolote likiomba neno la siri, wape. Mwaka 2021 kampuni ya usalama ya Guardicore ilisajili domeni kadhaa za aina ya autodiscover.fr na autodiscover.com.br, ikakaa kusubiri. Programu za barua zilizokosa seva ya kampuni zao zilipanda ngazi moja juu na kugonga huko. Kati ya Aprili na Agosti mwaka huo zilimiminika taarifa 372,072 za kuingilia, na zisizojirudia zilikuwa 96,671. Hakuna aliyedukua kitu. Watu waliletewa funguo mlangoni.

Katika sanduku la mwandishi kuna barua za watu ambao wangefukuzwa kazi kesho kama majina yao yangejulikana. Yule karani aliyekutumia nakala ya mkataba hakukubali kwamba neno lako la siri litangetange mtandaoni.

Halafu kuna ubaya mwingine usio na dirisha lolote. Mwenzangu wa dawati la biashara alikaa siku mbili akisema wiki hii kumetulia. Kumbe Outlook yake ilikuwa imekwama kwenye sanduku la zamani, barua mpya zinaingia la winguni. Waliomwandikia walidhani amewapuuza. Mmoja alikuwa anajibu tuhuma, na habari ikatoka bila maelezo yake.

Vijana wa IT nawaonea huruma, wao ni wawili na sisi hatuna subira. Kosa kubwa nalipeleka juu, kwa wanaoidhinisha bajeti. Ilijulikana miaka mingi kabla kwamba Exchange 2016 na 2019 zingeachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Tukasubiri, tukahama kwa kukurupuka, bila hata siku moja ya majaribio. Kusafisha SCP ni amri moja tu. Kumwambia mwenye seva ya tovuti azime Autodiscover yake ni simu moja. Muda wa kuhifadhiwa kwa rekodi ya DNS unapunguzwa siku chache kabla ya kuhama, ili mabadiliko yasichelewe kufika. Kazi zote hizo ni za upande wa ofisi, hakuna hata moja inayomhitaji mwandishi arudie paswedi.

Wewe uliyekwama sasa hivi fanya hivi. Litazame dirisha lenyewe. Tangu Oktoba 2022 Microsoft ilianza kuzima njia ya zamani ya kuingia Exchange Online, hivyo winguni unapokelewa na ukurasa wa Microsoft wa kuingilia. Ukiletewa kile kisanduku cha Windows cha jina na neno la siri, uwezekano mkubwa unaongea na seva nyingine. Bonyeza futa, usiandike kitu. Kisha shikilia Ctrl, bofya kulia kwenye alama ya Outlook karibu na saa, chagua Test E-mail AutoConfiguration, toa alama za Guessmart, jaribu, na usome kumbukumbu yake. Anwani zote ilizobisha hodi zimeandikwa pale. Piga picha, mpelekee mtu wa IT.

Akikwambia afute profaili, mwombe atengeneze mpya na ya zamani aiache kwanza. Barua ulizoandika zikakwama bila kutoka zimo humo humo.